Mzunguko wa Momella: Panga Safari kwa Miguu ya Mwenda Pole

Ndugu msomaji, wapo wafanyakazi wengi mjini Arusha ambao huuona Mlima Meru kila asubuhi wakienda kazini, na jioni huupa mgongo wakirudi nyumbani, miaka ikapita wasikanyage hata ukingo wa msitu wake. Leo napenda kukueleza jinsi jamaa yangu ilivyojiandaa kuuzunguka ubavu wa mashariki wa mlima huo kwa miguu: msituni, mbugani, hata kando ya ziwa. Huenda nawe ukataka kwenda, na matayarisho ya safari ya namna hiyo yana mafunzo yake.

Kaka yangu mkubwa alipostaafu kazi ya kiwandani, akiwa na umri wa miaka 61, alituambia neno moja tu: "Nataka kuingia msitu ule kabla magoti hayajaninyima ruhusa." Tulikaa mezani watu wanne: yeye, mimi, mke wangu, na binti yetu wa miaka 15. Binti, kwa wepesi wa vijana, alisema, "Baba Mkubwa, sisi tutapanda, wewe utusubiri ziwani." Kaka hakujibu. Alikigeuza kikombe chake cha chai, akatazama dirishani. Mke wangu ndiye aliyeokoa jahazi. "Shemeji," alisema, "tangu lini mkubwa akaachwa nyuma njiani? Wewe utatangulia, nasi tutafuata nyayo zako."

Neno lile lilikuwa la adabu, lakini kumbe lilikuwa pia kanuni bora ya usalama. Kundi la watu haliendi kwa mwendo wa mwenye mbio. Huenda kwa mwendo wa yule wa mwisho. Wakitangulia wenye nguvu, watamwacha mnyonge peke yake, naye atajikaza ili awafikie hata aumie. Akitangulia yeye, kundi halikatiki. Basi mpango wetu wote tuliujenga juu ya magoti ya Kaka.

Tulianza na njia. Lango la Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, lipo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kutoka hapo njia ndefu hupita katika msitu wa mitarakwa na miti mingine mikubwa, wanamoruka mbega weusi kwa weupe. Hupita pia chini ya mti maarufu wa jamii ya mkuyu ambao mizizi yake imefanya tao pana kiasi cha gari kupenya. Halafu hupanda hadi kibanda cha Miriakamba, mita 2,500 hivi. Kesho yake mtu aweza kuteremka kwa njia nyingine, iliyo fupi, hadi kwenye mbuga ya majani wanapolisha nyati na twiga, kisha akamalizia kando ya ziwa la Momella Ndogo. Huo ndio mzunguko tuliouchagua, kwa siku mbili.

Ugumu wa mzunguko, ndugu msomaji, ni kwamba hauna njia ya mkato. Ukishapita katikati, kurudi ni sawa na kuendelea. Kwa hiyo saa ya kugeuka hukatwa nyumbani, akili ikiwa imetulia, wala si mlimani, miguu ikiwa imechoka na moyo ukiwa na tamaa. Sisi tulikata hivi: ikiwa hatujafika nusu ya mpando ifikapo saa 7 mchana, tutarudi langoni, na hapana atakayelaumiwa.

Tuliipataje saa hiyo? Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa hesabu ambayo hutumika hata leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua mfano wa kilomita 10 zenye mpando wa mita 1,000. Hesabu itakupa saa 3 na dakika 40. Lakini hiyo ni ya mtu mwenye afya asiyepumzika. Sisi tuliongeza nusu yake kwa ajili ya Kaka, tukapata saa 5 na nusu. Ukianza saa 4 asubuhi utafika saa 9 na nusu, nalo jua litakuwa bado juu.

Kisha tulijipima. Kwa majuma sita tulitembea kila Jumamosi, kwanza saa mbili, kisha tatu, kisha nne, tukivaa viatu vile vile vya safari. Kaka alikwenda kwa daktari kupima shinikizo la damu, akapewa ruhusa. Tuliuliza mapema habari za kiingilio na malazi, na za askari wa hifadhi mwenye bunduki, ambaye ni lazima aandamane nanyi, maana nyati hana mzaha. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Methali hiyo ni njema, lakini si ya msitu wenye nyati.

Mizigo ilikuwa michache: lita 3 za maji kwa kila mtu, kwa kuwa maji ya Momella ni ya magadi, hayanyweki, viazi vya kuchemsha, mayai, karanga na ndizi, tochi, bendeji, koti la mvua na sweta nzito. Kila upandapo mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, nasi tulichagua mwisho wa Juni, mvua za masika zikiwa zimekwisha lakini baridi ikiwa kali.

Tuliingia kibandani saa 10 kasorobo, Kaka akiwa mbele, nyuma ya askari tu. Siku ya pili alasiri alikaa ukingoni mwa ziwa akawatazama heroe, na binti yetu akamfungua kamba za viatu bila ya kuambiwa.

Basi, ndugu msomaji, ukikusudia safari ya namna hii pamoja na watu wa nyumbani mwako, usiulize kwanza mlima una urefu gani. Uliza ni nani kati yenu aendaye pole kuliko wote, umweke mbele, na hesabu zako zote uzianzie kwake. Mwenda pole hajikwai, na wamfuatao hawajikwai.