Karatasi ya Nikaha na Elimu ya Profesa Azizah



Sisi akina mama wa Pwani twajua kuiandaa harusi. Hina, singo, pishi la biriani na sare za nguo hupangwa kwa miezi. Lakini karatasi ya nikaha, iliyobeba haki za mke, hutiwa saini kwa dakika chache, na mara nyingi bibi harusi hakuisoma. Kwa hiyo tumeona vyema tumtaje mwanachuoni mwanamke aliyeishughulikia karatasi hiyo kwa miaka mingi.

Profesa Azizah al-Hibri ni mzaliwa wa Lebanon. Alisoma Chuo Kikuu cha Marekani mjini Beirut, kisha akapata shahada ya uzamivu ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1975. Baada ya kusomesha falsafa, alirudi kuwa mwanafunzi, na mwaka 1985 akahitimu sheria katika chuo hicho hicho. Alifanya uwakili wa makampuni New York, na mwaka 1992 akaingia Chuo Kikuu cha Richmond, Virginia, kusomesha sheria. Mwaka 1993 aliasisi KARAMAH, jumuiya ya mawakili wanawake wa Kiislamu; maana ya jina hilo ni hadhi.

Katika utafiti wake amevirudia vitabu vya mafakihi wa kale na kudhihirisha yaliyomo: kwamba mahari ni mali ya mke mwenyewe, si ya baba wala mjomba; kwamba nikaha ni mkataba, na mkataba huweza kuwa na masharti; na kwamba mafakihi wengi hawakumwajibisha mke kupika na kufua. Akifanya, ni ihsani yake, na ihsani hushukuriwa.

Si kila rai yake itakayokubaliwa na masheikh wetu. Sisi ni Mashafii, na kwetu sharti la mume kutooa mke wa pili halimfungi, ilhali Mahanbali hulipa nguvu. Lakini kuandika kiasi cha mahari, kilicholipwa na kilichobaki deni, hakuna madhehebu yanayokukataza.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeipa Mahkama ya Kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote ni Waislamu na zimeridhia kuhukumiwa hapo. Mbele ya Kadhi, mwanamke anayedai mahari yake ya deni huulizwa ushahidi. Mashahidi husahau, wengine wametangulia mbele ya haki, maandishi hubaki.

Basi, wazazi wenzetu, kabla ya kuchagua ukumbi, tukae na binti zetu na mawalii wao, tuisome karatasi ile neno kwa neno, na tumuulize sheikh lile tusilolielewa. Kuuliza si kutomwamini bwana harusi. Ni kulinda heshima ya wote wawili.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu. Amin.