Ritifaa Iliyomkosesha Mtoto Bahasha

Wiki ya kufungua shule tulikuwa tukiandaa orodha ya mayatima ambao msikiti wetu huwalipia sare na madaftari. Katika safu ya mahali anaposoma mtoto madrasa tulikuwa tumeandika kwa mkato "Mas", tukikusudia Masjid. Hatukuona vyema kuipeleka hivyo mbele ya kamati. Tukaiamuru kompyuta ibadilishe kila "Mas" kuwa "Masjid", na kwa tahadhari tukachagua sharti la "neno zima tu" ili jina kama Masoud lisiguswe. Tukachapa, tukalala tukiwa na amani.

Siku ya ugawaji mama mmoja alirudi nyumbani mikono mitupu. Mwanawe ni Mas'ud. Mweka hazina alikuta pameandikwa "Masjid'ud", akadhani ni jina la msikiti lililopotea njia, akauruka mstari. Ajabu ni kwamba Mas'ud wa pili, wa mtaa mwingine, alibaki salama.

Tulimwendea mama yule jioni ile ile, tukamwomba radhi na kumkabidhi bahasha yake. Kisha tukaketi kutafuta sababu.

Ndugu msomaji, kompyuta haijui neno. Inachojua ni namba za herufi na alama, na kila programu ya kuhariri maandishi ina kanuni yake ya kuamua neno linaishia wapi. Programu yetu ina orodha fupi ya alama zinazokata neno, na ritifaa nyoofu ya kibodi, yenye namba U+0027, imo. Kwayo Mas'ud ni maneno mawili, "Mas" na "ud". Hata ng'ombe ukimbofya mara mbili, huenda ukashika "ombe" peke yake! Jina la Mas'ud wa pili lilitoka kwenye simu, ambayo iliweka ritifaa iliyopinda, U+2019. Hiyo haimo katika orodha ile, naye akanusurika. Kwenye karatasi, nani angezitofautisha?

Kanuni za Unicode, katika kiambatisho namba 29, zina insafu zaidi: ritifaa yoyote kati ya hizo mbili ikikaa baina ya herufi mbili, neno lisikatwe. Hapo Qur'ani na ng'ombe husalimika. Lakini Rabi', ule wa Mfungo Sita, humalizikia kwa ritifaa. Hakuna herufi baada yake, basi huachwa nje ya neno. Ilhali kwa Kiarabu pale pana ain, herufi kamili kama baa na taa. Ni sisi tulioivika vazi la alama tulipoihamishia katika hati za Kilatini. Unicode imetenga hata alama zinazohesabiwa kuwa herufi, U+02BC na, kwa ajili ya ain, U+02BF. Kibodi yetu haina hata moja kati ya hizo.

Mama alipoelezwa alicheka. "Ustadhi, andikeni tu Masudi, ndivyo bibi yake anavyomwita."

Hatukukubali. Cheti chake cha kuzaliwa kina ritifaa. Siku hizi tunabadilisha neno moja moja, tukisoma kila mstari, na orodha ya mayatima hutuchukua jioni mbili badala ya moja.