Beringi Ilipoanza Kulia

Wenzetu wa Nakivale na kokote mliko, leo tunaandika kuhusu chuma. Karakana yetu ina mashine tuliyoiunda wenyewe ya kukata mifereji kwenye shafti. Fremu ni vyuma chakavu, mota ilitoka kwenye pampu kuukuu, na spindo, yaani ile shafti inayobeba kisu, inazunguka ndani ya bomba nene lenye beringi mbili. Wateja wetu wakubwa ni wenye mashine za kusaga mahindi. Shafti ya milimita 30 inataka mfereji wa upana wa milimita 8, na humo kinakaa kipande cha chuma tunachokiita kii, kinachofunga puli isizunguke peke yake.

Mwaka huu mifereji ikaanza kutoka mipana, kuta zake zina mawimbi, na mashine inalia kama debe lenye kokoto. Tulikuwa na shafti mbili za mama mmoja mwenye mashine ya kusaga, na alishalipa nusu. Mashine yake ikisimama, majirani wanabeba mahindi kichwani hadi mbali. Wengine wetu wakasema, "Tukate tu bana, mama anangoja." Wengine wakasema hapana: mfereji ukilegea, kii inagongagonga, inakula shafti, na siku moja puli inachomoka watu wakiwa karibu. Tukapiga kura. Tukamwambia mama ukweli, na nusu yake tukaiweka pembeni, akiitaka aichukue. Akasema, "Wanangu, tengenezeni vizuri, nitangoja."

Basi tukazima umeme, tukatoa mkanda. Kwanza tukawasha mota peke yake: haina kelele. Kumbe shida iko kwenye spindo. Tukaizungusha kwa mkono, tukasikia mchanga mchanga ndani. Tukaazima geji ya sindano, tukasukuma spindo huku na huku. Sindano ikatembea sehemu 15 za mia za milimita moja. Kwa kazi ya kii, hiyo ni nyingi sana.

Jirani fundi akashauri tuzungushie bati la kopo nje ya beringi. Bati linaweza kubana beringi iliyolegea kwenye nyumba yake, lakini yetu ilikuwa imeliwa ndani, pale gololi zinapopita. Hapo bati halifiki.

Beringi zile zilikuwa za gololi, namba 6205. Ni nzuri kwa puli na mota. Ila kisu cha kukata kinasukuma pembeni na pia kinavuta spindo chini, na unga wa chuma ukiingia kwenye grisi unasaga kama msasa. Tukaenda Mbarara kununua mbili za 30205, zile za roli za mshazari, ndugu wa zile za magurudumu ya gari. Ndani milimita 25, nje 52, sawasawa na za zamani. Zimezidi unene kwa milimita moja na robo tu. Tukaziweka zikipeana mgongo, na fundi wa mjini akachonga uzi wa nati kwenye spindo. Nati ndiyo dawa: beringi ikilika kidogo, unakaza kidogo. Tulikaza hadi mchezo ukaisha lakini mkono bado unazungusha. Tukaiendesha nusu saa, tukagusa bomba: vuguvugu. Lingechoma mkono, tungelegeza.

Mambo mawili kwa wenye mashine kama hii. Ukichomelea, bana waya wa ethi karibu kabisa na unapochomea, maana umeme ukipitia kwenye beringi unatoboa vishimo. Na ukiingiza beringi kwenye shafti, piga ringi ya ndani tu, kwa kipande cha bomba.

Ninyi wa mashirika, asanteni kwa mafunzo na vifaa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Mkipanga bajeti ya karakana, wekeni pia beringi, grisi na geji, maana mashine bila vipuri inageuka kabati la vumbi.

Sasa sindano inatembea sehemu 2 za mia. Mama alichukua shafti zake, akamalizia deni, na juzi ameleta mteja mwingine. Kama mashine yako inalia, isikilize mapema. Tuandikie hapa chini, tutakuja na geji, sasa tumenunua yetu.