Safari ya Mwamapalala: Mtoto Huyu Ni wa Nyumba Gani?



Mwezi huu twawaletea habari za nchi ya Wasukuma upande wa mashariki, mahali paitwapo Mwamapalala. Pamoja nazo twawaletea habari za jambo linalozihusu nyumba zetu zote, yaani mtoto mwenye ulemavu anayechukuliwa na jamaa ya Kikristo ya ng'ambo ili awe mwana wao. Labda utauliza, Mambo haya mawili yakutana wapi? Yakutana katika jina la mahali penyewe, kama utakavyoona.

Msafiri atokaye Mwanza huifuata njia kuu ya Musoma. Hupita Kisesa na Magu, huvuka mto Simiyu unaomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, kisha huipita nchi ya Nassa iliyo kando ya ziwa. Hapo Nassa ndipo Injili ilipohubiriwa tangu zamani: wamisionari wa C.M.S. walitangulia, na mwaka 1909 Africa Inland Mission wakaipokea kazi yao. Hata akifika Lamadi, karibu na mpaka wa hifadhi ya Serengeti, msafiri huliacha ziwa nyuma yake, akageuka mkono wa kuume kwenda Bariadi. Mwamapalala uko kusini ya Bariadi, katika wilaya ya Itilima, ambayo makao yake ni Lagangabilili. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga.

Nchi ni ya uwanda mpana, yenye migunga na mawe makubwa, na mabondeni udongo ni mweusi, wenye kunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Watu wanalima pamba, mtama, mahindi na viazi, nao hulima kwa plau zikokotwazo na ng'ombe. Viazi hukatwa vingali vibichi na kuanikwa, vikawa michembe ya kuliwa wakati wa njaa. Kaya nyingi zimezungushiwa ua wa minyaa. Jua la huko ni kali, wala vivuli si vingi; neno hili ulikumbuke, maana tutalirudia.

Sasa lile jina. Katika nchi hiyo majina mengi yaanza namna moja: Mwamapalala, Mwaswale, Mwalushu. Hilo Mwa, au Ng'wa kama Wasukuma watamkavyo, maana yake ni “kwa fulani”, mahali pa mtu au pa ukoo. Tena mtoto wao huitwa ng'wana, na mara nyingi hujulikana kwa kutajwa kuwa mwana wa fulani. Basi hapo mahali pana jina la mwenyeji, na mtu ana jina la mzazi. Mgeni akikutana na mtoto njiani, baada ya kumwamkia Mwangaluka, humwuliza swali lililo rahisi kwa watoto wengi: Wewe ni wa kwa nani?

Lakini wako watoto ambao swali hilo ni zito kwao. Miongoni mwao ni watoto wenye ualbino, ambao zamani waliitwa zeruzeru, jina wasilolipenda. Katika Tanzania wanakadiriwa kuwa mmoja katika kila watu 1,400 hivi, na Ulaya na Marekani ni mmoja katika watu 17,000 au 20,000. Kwa miaka mingi mama aliyezaa mtoto wa namna hiyo alisingiziwa uzinzi, na baba akamwacha. Huo ni uongo. Ualbino hutoka kwa baba na mama wote wawili. Kila mmoja aweza kuubeba katika damu yake bila kuonekana kwa ngozi yake, na wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kumpata mtoto mwenye ualbino.

Baada ya uongo huo ukaja mwingine ulio mbaya zaidi, kwamba viungo vya watu hao huleta utajiri. Tangu miaka ya 2006 na 2007 wauaji walianza kuwawinda katika mikoa ya Ziwa. Simiyu nayo haikusalimika: mwezi wa Mei 2014 mwanamke mwenye ualbino aliuawa katika kijiji cha Gasuma. Jambo la kuhuzunisha kupita yote ni kwamba mara nyingine ndugu wa damu walishiriki. Serikali ikawakusanya watoto wengi katika shule na vituo ili walindwe. Katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, walipata kuzidi mia mbili. Walipona upanga, lakini wengine walikaa miaka bila kutembelewa na wazazi wao. Ukuta humlinda mtoto, lakini haumwiti mwanangu.

Habari hizi zilipofika ng'ambo, Wakristo wengi waliguswa. Peter Ash wa Kanada, aliyekuwa mchungaji kisha mfanyabiashara, naye mwenyewe ana ualbino, alianzisha shirika la Under the Same Sun mwaka 2008, na watoto wengi wakasomeshwa nalo. Mwaka 2015 watoto kadhaa waliokatwa mikono walipelekwa Marekani na shirika la Elissa Montanti wa New York, wakatengenezewa mikono ya bandia katika hospitali ya Shriners huko Philadelphia. Kisha walirudi Tanzania. Na baadaye ikawapasa kusafiri tena, kwa sababu mtoto hukua, lakini mkono wa bandia haukui pamoja naye. Hao walikwenda kama wageni wa kutibiwa, wala hawakufanywa wana wa nyumba za huko. Tuyatofautishe mambo hayo mawili.

Kumwasili mtoto ni jambo jingine. Ni mahakama kumtoa mtoto katika haki na wajibu wa wazazi waliomzaa, na kumtia katika haki na wajibu wa wazazi wapya, kana kwamba amezaliwa kwao. Katika Marekani jamaa nyingi za Kikristo wamefanya hivyo kwa watoto wenye ulemavu. Wengi walikwenda China, wakawachukua hata watoto wenye ualbino walioachwa katika nyumba za mayatima. Wakauza mali, wakangoja miaka, wakapanda ndege kwenda kumpokea mtoto waliyemwona kwa picha tu. Watoto zaidi ya 80,000 wa China walipata nyumba Marekani kwa njia hiyo. Haifai kuudharau upendo huo.

Hata hivyo mwezi wa Septemba 2024 serikali ya China ilitangaza kwamba imelifunga jambo hilo, ila kwa ndugu wa karibu. Jamaa mamia waliokwisha onyeshwa watoto wao wakabaki na vitanda vitupu. Ethiopia ilikuwa imefunga mlango wake mwaka 2018, na Kenya iliusimamisha mwaka 2014. Basi mlango wa ng'ambo waweza kufungwa kwa tangazo la siku moja, na mtoto akabaki pale pale alipokuwa.

Je, Tanzania yasemaje? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuufunga mlango, lakini imeweka mlinzi. Tuseme mume na mke wa ng'ambo wanampenda mtoto wa Itilima, wanataka awe wao. Yawapasa kwanza kuwa wamekaa Tanzania miaka mitatu mfululizo. Pili, wawe wamemlea mtoto huyo si chini ya miezi mitatu, chini ya macho ya afisa ustawi wa jamii. Tatu, wasiwe na rekodi ya uhalifu. Nne, wawe na ushuhuda wa wakuu wa ustawi wa nchi yao kwamba wanafaa. Tano, waihakikishie mahakama kwamba nchi yao itaitambua amri hiyo. Na anayetoa amri ni Mahakama Kuu, si mzee wa kijiji, wala mchungaji, wala mkuu wa kituo.

Mtu atasema, Mbona njia ni ndefu hivi, na mtoto anateseka? Ni ndefu kwa sababu mtoto si mzigo wa kupakiwa melini. Katika nchi ambayo mtoto amepata kuuzwa viungo vyake, lazima kila ampokeaye aulizwe: Wewe u nani, na unamtakia nini? Tena katika miaka ile mitatu mgeni hujifunza lugha ya mtoto, huila michembe yake, huwajua ndugu zake, hata siku ya kuondoka mtoto asiwe kama aliyeibwa usiku.

Lakini, ndugu, swali lililo kubwa haliwahusu wageni. Latuhusu sisi. Kwa nini mtoto wa Mwamapalala angoje nyumba iliyo ng'ambo ya bahari, na hapa kuna nyumba za Wakristo zenye ua na moto na uji?

Twamkumbuka Mefiboshethi mwana wa Yonathani. Alikuwa mtoto wa miaka mitano mlezi wake alipokimbia naye, akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Sote twajua kwamba mfalme Daudi alimwita Yerusalemu akala mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Waalimu wengi wamehubiri habari hiyo. Ni wangapi wamemtaja Makiri wa Lo-debari? Huyo ndiye ambaye Mefiboshethi alikuwa nyumbani mwake mfalme alipomwulizia. Makiri hakuwa na jumba la kifalme. Alimweka kiwete, mjukuu wa mfalme aliyeanguka, wakati kumweka kulikuwa na hatari. Kama pasingalikuwa na Makiri, mfalme angalimtuma nani amchukue nani?

Basi Mwamapalala wahitaji akina Makiri, na kila kijiji kisomacho gazeti hili chawahitaji. Mlango wa jirani hakuna tangazo la nchi nyingine liwezalo kuufunga. Nasi twawapa mashauri machache nyumba itakayokubali kazi hiyo.

Mosi, usimfiche mtoto wala usimpokee kwa siri. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, uombe malezi ya kambo kwa taratibu za sheria. Baadaye, ukitaka awe mwanao kabisa, ombi liende Mahakama Kuu. Upendo usioogopa nuru hauogopi karatasi.

Pili, ulikumbuke lile jua. Linalowaua wengi wenye ualbino ni saratani ya ngozi kuliko panga. Mtoto avae kofia pana na mikono mirefu, na apakwe mafuta ya kuzuia jua, kama yale yatengenezwayo Moshi katika hospitali ya KCMC. Kazi ya palizi ya pamba asipewe mchana. Mpe kazi za alfajiri na jioni, au za kivulini, wala usimkalishe bure kana kwamba hana nguvu.

Tatu, nanyi waalimu: macho yake ni dhaifu, si akili yake. Aketi mbele, ubao uandikwe kwa herufi kubwa, na apimwe miwani. Wengi walioitwa wajinga shuleni walikuwa hawauoni ubao tu.

Nne, walinzi wajue. Wazee, wenyeviti wa vijiji na sungusungu waambiwe waziwazi ya kuwa mtoto huyu ni wetu, ili atakayemnyemelea ajue kwamba ananyemelea kijiji kizima. Asitembee peke yake njia za mbali, wala asilale chumba chenye mlango usiofungwa.

Tano, mama aliyemzaa asitukanwe. Akiwa hai na anampenda, kazi yetu ya kwanza ni kumsaidia yeye amlee mwanawe. Mara nyingine msaada unaotakiwa ni mlango imara, kofia, na jirani wawili watatu wasiosengenya.

Na kama baada ya hayo yote ikaonekana kwamba jamaa wa ng'ambo ndio walioandaliwa kwa mtoto fulani, tuwapokee kama ndugu, tumsindikize kwa nyimbo, tumpe na jina la kwao asilisahau. Ila asiende kwa sababu hapakuwa na mlango uliofunguliwa huku.

Jioni moja ya juma hili, jamaa wakiisha kusali pamoja, baba na mama waulizane neno hili mbele ya watoto wao: Afisa akija kesho na mtoto aliyekataliwa, atalala wapi katika nyumba yetu? Kisha waende wakapaangalie mahali hapo.

Mungu, Baba wa yatima, awabariki.