Risasi ya Nne Niliikata Mimi

Wasee, kabla mniulize: hapana, sijawahi kushika bunduki. Ya karibu zaidi niliyowahi kuona ni ile ya askari wa benki, na hata hiyo huwa napita nikiangalia kando. Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, mama yangu akiwa hata hajazaliwa. Lakini kwa miezi saba nimelipa kodi ya nyumba kwa pesa za bunduki.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhariri video za Mmarekani mmoja anayewinda elk kule milima ya Rocky. Elk ni mnyama mwenye pembe kama matawi ya mti, na dume lake hupita kilo 300. Mteja alikuwa anatuma faili usiku, mimi nakata, naweka muziki, narudisha asubuhi. Mama aliposikia aliniuliza polepole, "Na hiyo kazi yako ya bunduki, polisi hawatakuja hapa?" Nikamwambia, "Mum, ni video tu." Akasema sawa, ila akaanza kufunga mlango mapema.

Sasa, ukikaa na video za mtu miezi saba, utajifunza tu, utake usitake. Mimi nilijifunza kuhusu bunduki nyepesi.

Iko hivi. Mwindaji wa mlimani hutembea siku nzima akipanda. Bunduki ya kawaida ya kuwindia, ikiwa na darubini, inakaribia kilo 4. Ukiibeba toka alfajiri, kufika saa nane mchana unaichukia. Kwa hiyo watu hutengenezewa nyepesi, kilo 2 na nusu hivi, na mahali rahisi pa kupunguza uzito ni mtutu. Unachongwa mwembamba mpaka wenyewe wanaufananisha na penseli.

Na shida inaanzia hapo. Chuma cha mviringo kikiwa na unene maradufu, ugumu wake hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara 16. Igeuze hiyo hesabu uone kinachotokea ukipunguza unene: mtutu mwembamba unatetemeka zaidi kila risasi inapopita. Tena una chuma kidogo cha kumeza joto, kwa hiyo risasi tatu tu na tayari hutaki kuushika. Na ule mtutu kiwandani ulitobolewa, ukanyooshwa, ukachongwa. Ukibaki na mkazo ndani yake, joto likija unajipinda kidogo kuelekea upande mmoja. Kupinda kwenyewe huwezi kukuona kwa macho. Utakuona kwenye karatasi ya shabaha, matundu yakianza kutembea.

Mteja wangu alikuwa anaelewa hayo yote, lazima nimpe heshima yake. Kuna video alichukua noti ya dola akaipitisha kati ya mtutu na ule mti unaoushikilia, akiivuta kuelekea nyuma. Ikakwama katikati. Akasema hapo ndipo mtutu unagusa, na ukipata joto unasukumwa kando. Akakwangua mbao kwa msasa mpaka noti ikapita bila kusita. Halafu akamwaga gundi ngumu ya epoksi pale chuma cha nyuma kinapokalia mti, ili kisichezecheze kila bunduki inaporuka.

Na si kila fundi anakubaliana na hiyo ya kuacha mtutu ukielea. Kuna fundi wa West Virginia, Melvin Forbes, alianza kuuza bunduki nyepesi sana miaka ya 1980, na yeye alifanya kinyume: mtutu mzima unalala kwenye mti mgumu, umeshikwa kutoka mwanzo hadi mwisho, ili mti wenyewe uusaidie kutotetemeka. Zikasifika kwa kulenga vizuri. Mimi nilikuwa nahariri hiyo sehemu nikijiambia, kumbe kuna majibu mawili. Kibaya ni ile nusunusu, kugusa hapa na kuachia pale.

Nyingine ni triga. Kama bunduki ina kilo 2 na nusu, na triga inahitaji uivute kwa nguvu ya kilo hizohizo 2 na nusu, kidole chako kitaisogeza bunduki nzima kabla haijalia. Kwa hiyo fundi huipunguza hadi kilo moja na kitu. Halafu bunduki nyepesi inapiga bega vibaya. Mtu akishaumia mara tatu, ya nne anafumba macho na kushtuka kabla ya mlio. Halafu analaumu mtutu.

Sasa twende kwa dhambi yangu.

Ilikuwa video ya bunduki mpya, nyepesi, nzuri sana kwa macho. Mita 100. Aliweka karatasi, akapiga risasi tano mfululizo. Tatu za kwanza ziliingia mahali pamoja, ungezifunika kwa sarafu ya shilingi kumi. Ya nne ikapanda juu kulia. Ya tano ikaifuata. Vidole vitatu kutoka kwa zile za kwanza.

Kwenye maelezo aliyonitumia aliandika kwamba nimalizie kwa risasi ya tatu. Kamera isogee karibu na karatasi, muziki upande, basi. Nilikata. Ilinichukua kama sekunde kumi. Na video ilifanya vizuri kushinda zote tulizowahi kuweka, na mimi nikapata nyongeza kidogo. Nilinunua mtungi wa gesi wa kilo 13, nikajiona mtu mzima.

Baada ya miezi kadhaa ikaja barua pepe. Mimi ndiye nilikuwa nazisoma za watazamaji na kuzipanga. Ilikuwa ya mzee mmoja, ameandika kwa adabu, hata hakuwa analalamika. Alisema alitazama ile video, akaweka akiba, akanunua bunduki ya aina hiyo. Akaenda uwanja wa shabaha kurekebisha darubini. Alipiga risasi 20 mfululizo, anapiga, anazungusha kitufe cha darubini, anapiga tena, mpaka matundu yakaingia katikati. Akaenda mlimani. Alfajiri moja ya baridi akamwona elk, mita 300 hivi, ametulia kabisa. Akapiga. Yule mnyama akaruka, akakimbia. Mzee akaona damu kwenye nyasi, akaifuata mpaka giza likaingia. Kesho yake akarudi. Hakumpata.

Swali lake lilikuwa moja: kwenye video yenu risasi zote zinaenda mahali pamoja, mimi nakosea wapi?

Nilisoma hiyo barua mara nne. Manze, mimi nilikuwa najua anakosea wapi. Mimi, mtoto wa Rongai ambaye hajawahi kushika bunduki, nilikuwa na jibu kwenye laptopu yangu. Alirekebisha darubini mtutu ukiwa moto. Darubini yake ikakubaliana na mtutu uliojipinda. Kule mlimani, kwa baridi, mtutu ulikuwa umenyooka tena, na risasi ikaenda pale unapoelekea ukiwa baridi. Vidole vitatu kwa mita 100 ni vidole tisa kwa mita 300. Hicho ni karibu kiganja changu kizima, na ndiyo tofauti ya moyo na tumbo.

Na hiyo ndiyo risasi ya nne na ya tano zilikuwa zinasema. Zile nilizokata.

Nilimwandikia mteja. Nikamwambia turudishe zile risasi mbili, tuwaeleze watu kwamba mtutu mwembamba ni lazima upoe. Piga moja, fungua bolti, simamisha bunduki mdomo ukiangalia juu ili hewa ipite ndani kama bomba la moshi, subiri dakika kadhaa, piga nyingine. Nikapendekeza na video mpya kabisa: siku kumi, kila asubuhi risasi moja tu kwa mtutu baridi, kwenye karatasi ileile. Baada ya siku kumi una matundu kumi, na hayo ndiyo yanakuambia bunduki yako itafanya nini mlimani, kwa sababu mnyama hakungojei upashe mtutu joto.

Jibu lake lilikuwa fupi. Kwamba hakuna mtu anampiga elk risasi tano, kwa hiyo tatu zinatosha na hajadanganya mtu. Na kwamba siku kumi za risasi mojamoja hakuna atakayetazama.

Kitu kilichoniuma ni kwamba nusu ya hilo jibu ni kweli. Mwindaji anahitaji risasi ya kwanza, labda ya pili. Kwa mlimani ile bunduki ilikuwa nzuri. Hata hakusema uongo wowote, kila tundu lililoonekana lilikuwa halali. Lakini mzee hakuumizwa na yale aliyoonyeshwa. Aliumizwa na yale tuliyomficha, kwa sababu mtu akiona tatu zimeingia pamoja anaamini hata ya ishirini itaingia.

Kazi haikuisha kwa kelele. Faili zilipungua tu. Wiki mbili kimya, halafu moja, halafu kimya kabisa. Kabla hajanifungia barua pepe yake nilimjibu yule mzee. Nikamwandikia yote kuhusu mtutu baridi na moto, jinsi ya kurekebisha darubini kwa subira, risasi moja na kupoza, na nikamwambia kwamba kwenye video kulikuwa na risasi mbili zaidi ambazo hakuziona. Alinijibu kwa neno moja tu: asante. Sijui aliniweka kwenye kundi gani kichwani mwake.

Mnaonifuata hapa mnajua mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Mmeona laptopu, mmeona keja, mmeona ile picha ya malipo ya kwanza. Hizo ni tatu zangu, zimeingia pamoja vizuri. Kuna watu wawili wamenitumia ujumbe mwaka huu wakisema wanataka kuacha chuo kwa sababu mimi niliweza. Haya, ya nne: hiyo kazi ya bunduki imeisha na kodi ya mwezi huu nimekopa. Ya tano: sikuacha chuo kwa ujasiri, niliacha kwa sababu karo ilinishinda na niliona aibu kusema. Ukitaka kuamua, amua ukiwa umeziona zote tano.

Jumapili nilienda nyumbani nikamweleza mama kwamba ile kazi imeisha, nikamwambia na kwa nini. Alikuwa anachambua mchele. Nilidhani ataniuliza kuhusu pesa. Alinyamaza sana, akatoa kajiwe, akakatupa nje.

"Na yule mnyama," akasema, "walimpata?"

"Hawakumpata, Mum."

Akaendelea kuchambua.