Mstari Mweusi Kati ya Ini na Figo

Miaka ya 1990, mashine ya ultrasaundi ilipofika hospitalini kwetu mkoani Tanga, sote tuliijua kuwa ya wajawazito. Majeruhi wa tumbo alikuwa na njia yake: daktari anambonyeza, anachoma sindano na kuvuta, akipata damu anampeleka thieta. Wapo waliopasuliwa tukakuta ini limechanika kidogo tu, na damu imekwisha kukoma yenyewe.

Kisha akaja daktari kijana. Alitusimulia tetemeko la Armenia la Desemba 1988, jinsi madaktari wa huko walivyopima kwa ultrasaundi matumbo ya majeruhi 400 ndani ya saa 72. Tulimsikiliza kwa adabu, basi.

Siku moja akaletwa mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni, akatua kwa ubavu wa kulia. Daktari alimpaka jeli, akapima chini ya mbavu, pale ini linapopakana na figo. Mgonjwa akilala chali, damu hupenda kutuama hapo. Hakuona kitu. Mama mtu akaanza kujifunga kanga waondoke.

"Subiri, mama. Ini likichanika, mara nyingi mwanzoni ufa hauonekani. Nitampima tena."

Jioni ulionekana mstari mweusi, mwembamba. Mzee wetu wa upasuaji akasema tumbo lenye damu hufunguliwa. Hakuwa mbishi, alikuwa amezika wagonjwa waliosubirishwa.

"Mzee, mashine inatuonyesha damu, haituambii kama bado inatoka," kijana alimjibu kwa upole. "Hilo atatuambia Sista."

Usiku kucha nilikuwa kando ya kitanda, nikihesabu mapigo, nikipima presha, nikifunua kope kuangalia kama zinapauka. Thieta ilikuwa tayari, na mjomba wa mtoto ameshatoa damu. Alfajiri mstari ulikuwa vilevile, na mtoto anaomba uji. Hakupasuliwa.

Leo nikisikia majeruhi wa bodaboda karuhusiwa kwenda nyumbani kwa sababu kipimo kimoja kilikuwa safi, roho inaniuma. Anayemtoa hajui kitakachoonekana saa sita baadaye.

Baada ya mtoto yule, aliletwa mwendesha baiskeli aliyegongwa na lori. Mzee mwenyewe ndiye aliyeagiza mashine itolewe kliniki ya wajawazito. Mstari ulikuwa mnene, presha inashuka mbele ya macho yetu. Hakungoja kipimo cha pili. Alikwenda kunawa mikono, na kijana akamfuata kumsaidia.