Mwanga Uliofuta Ushahidi

Mwezi Julai mwaka jana nilikuwa Mbinga kwa baba mdogo, katika kijiji ambacho mashamba yake ya ngoro yametanda mlimani kama sega la nyuki. Jioni moja alitoa stakabadhi ya kahawa kwenye mfuko wa nailoni.

“Mwanangu, wewe umesoma. Hapa pameandikwa kilo ngapi?”

Yeye alikumbuka 187. Daftari la wanunuzi wake, ambao sitawataja, lilisema 137. Kilo 50 hizo alikuwa amezipigia hesabu kwa mahitaji ya mjukuu wake anayesoma bweni.

Ilikuwa nakala ya kaboni, imefifia. Nikatoa kamera yangu ya dijitali, nikaisogeza karibu, nikapiga kwa flashi. Kioo kikanionesha karatasi nyeupe pe. Tarakimu ya kati ilikuwa imemezwa na mwanga. Nikarudia, kila mara nikisogea zaidi, hadi karatasi yenyewe ikawa ukungu mtupu.

“Labda haitaki kuonekana,” baba mdogo alisema kwa upole.

Kosa lilikuwa langu. Flashi ikiwa karibu mno humwaga mwanga wake wote mahali pamoja, na karatasi huurudisha kwenye lenzi. Tena kila lenzi ina umbali wake wa chini. Ukiupita bila kuchagua mpangilio wa picha za karibu, ule wenye alama ya ua, picha hutoka na ukungu. Asubuhi nikazima flashi, nikachagua ua, nikalaza karatasi mezani kando ya dirisha ili mwanga uipige ubavuni. Kamera nikaiegemeza juu ya vitabu, nikaiamuru ijipige yenyewe baada ya sekunde 10, kidole changu kisije kikaitikisa. Tulipoikuza picha, wino ulikuwa hafifu vilevile, lakini mfereji mwembamba ulioachwa na ncha ya kalamu ulikuwa na kivuli. Ilikuwa 8, imefungwa juu na chini.

Siku mbili baadaye niliteremka Mbamba Bay. Usiku taa za wavuvi wa dagaa zilitapakaa juu ya Ziwa Nyasa, nami, kwa mazoea, nikapiga tena kwa flashi. Nilipata ncha ya mtumbwi uliokuwa mbele yangu; nyuma yake giza, kwa kuwa flashi ya kamera ndogo hufika mita chache tu. Nikaizima, nikaiweka kamera juu ya jiwe, nikaiacha lenzi wazi kwa sekunde kadhaa. Taa zote zikajitokeza.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba uwajibikaji ni kumulika. Sasa nasita. Ziara za viongozi wetu huja vijijini na mwanga mkali wa misafara, kamera na hotuba. Huangaza kilichopangwa mbele yao, kisha huondoka. Stakabadhi iliyofifia haisomeki hivyo. Inamtaka mtumishi wa umma, au mwanaharakati, aketi mezani na mwenye nayo, ainame, asubiri mwanga wa dirishani.

Picha niliichapisha, na baba mdogo akaipeleka mwenyewe. Shauri halijaisha. Aliniambia kwa simu kwamba karani aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaagiza daftari liletwe.